Mbwa Wako Anakujua



Jioni unarudi nyumbani kutoka mnadani. Giza limekwisha kuingia chini ya migomba. Hujafika bado. Hujabisha hodi, wala hujaita mtu. Watu walioko jikoni hawajui kama uko karibu. Lakini mbwa ameinuka. Ameacha mfupa wake na kutega masikio. Mara anakimbia kwenye njia inayoingia kibanjani, mkia unatikisika, anakuja kukupokea.

Amejuaje kwamba ni wewe?

Ukikaa Kamachumu, Nshamba, Kemondo au Rwamishenye, bila shaka umeliona jambo hili mara nyingi. Pengine umeliona mpaka hulishangai tena. Watu hulieleza kwa njia mbili. Wako wanaosema kwamba mbwa ana nguvu za ajabu, ati anaona mizimu na anajua mambo yajayo. Wako wengine wanaosema kwamba mbwa ni tumbo tu, na kwamba akikukimbilia anatafuta makombo ya ndizi na maharage. Wote wamekosea. Hao wa pili, kwa maoni yangu, wamekosea zaidi.

PUA INAYOSOMA

Wewe umejifunza kusoma herufi. Unaona alama ndogo nyeusi kwenye karatasi, na mara unajua mwandishi alitaka kusema nini, hata kama yuko mbali. Mbwa naye anasoma, lakini husoma kwa pua. Njia ya kwenda kisimani kwake ni kama ukurasa. Anajua nani amepita asubuhi, na alielekea upande gani. Anajua kama mbwa wa jirani alipita hapo, na kama mbwa huyo ni dume au jike.

Ndani ya pua ya mtu kuna vipokezi vya harufu vipatavyo milioni 5 au 6. Ndani ya pua ya mbwa kuna zaidi ya milioni 200. Tena sehemu ya ubongo wake inayoshughulikia harufu ni kubwa sana ikilinganishwa na yetu. Pua yake ni mbichi, na ubichi huo hunasa chembe za harufu zinazopita hewani. Ndiyo maana mbwa mzima huwa na pua yenye unyevu, naye huilamba mara kwa mara.

Kila mtu ana harufu yake. Unapotembea, vipande vidogo sana vya ngozi vinaanguka kutoka mwilini mwako. Huvioni, wala huvisikii. Jasho lako linabaki kwenye majani uliyoyagusa na kwenye mpini wa jembe ulioushika. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda nyumbani, unatangulia kufika kabla ya miguu yako.

Masikio nayo yanasaidia. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtu husikia mitikisiko mpaka kama 20,000 kwa sekunde. Mbwa husikia mpaka 45,000 au zaidi. Kwa hiyo anasikia sauti nyembamba ambazo kwetu ni kimya kitupu, kama vile panya wanaoitana ndani ya nyasi. Tena anajua mwendo wa hatua zako. Kama mwanao anaendesha pikipiki, mbwa huijua hiyo pikipiki kati ya zote zinazopita barabarani. Nyingine huziacha zipite. Hiyo moja humwamsha usingizini.

Wawindaji wa nchi za maziwa makuu walijua zamani kwamba pua ya mbwa ni bora kuliko macho yao. Walimfunga mbwa kengele shingoni au kiunoni, kisha wakamwachia njia. Mbwa alifuata harufu, nao walifuata kengele. Huko Kongo kengele ilihitajika zaidi, kwa sababu wako mbwa wa misitu ile ambao hawabweki kama hawa wetu. Wazungu waliwachukua wakawaita basenji. Ukimkuta mmoja wao Ulaya leo anauzwa kwa bei ya ng'ombe, usishangae.

MBWA WENYE KAZI

Siku hizi pua ya mbwa imeajiriwa. Pale Usa River, karibu na Arusha, shirika la kuhifadhi wanyama la AWF limefundisha mbwa na askari wao tangu mwaka 2014. Mbwa hao wanafundishwa harufu ya pembe za ndovu na za faru. Baadaye wanapelekwa kwenye bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki. Mwizi anaweza kuficha pembe ndani ya kontena lililojaa magunia, akadhani amewashinda wakaguzi. Mtu angehitaji siku nzima kushusha magunia yote. Mbwa anazunguka kontena, ananusa, kisha anakaa chini mahali palipo na pembe. Kukaa chini ndiyo lugha yake ya kusema, "Iko hapa." Akipatia anapewa mpira achezee. Huo ndio mshahara wake.

(Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kazi kama hiyo wamefundishwa panya buku. Wananusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Iko kazi moja ambayo watu wa Muleba watapenda kuisikia, maana malaria tunaijua. Wataalamu wa Uingereza na wa Gambia waliwavalisha watoto wa shule wa Gambia soksi usiku mmoja. Baadhi ya watoto walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu, lakini hawakuwa na homa. Soksi zikapelekwa Uingereza, wakapewa mbwa wazinuse. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2018. Katika kila soksi 10 za watoto wenye vijidudu, mbwa walizitambua 7. Katika kila soksi 10 za watoto wasio navyo, walipatia 9. Hii haina maana kwamba mbwa wako nyumbani anapima malaria. Mtoto akiwa na homa, mpeleke zahanati apimwe damu. Lakini ugonjwa hubadili harufu ya mwili, na pua ya mbwa inaijua tofauti hiyo. Labda sasa utaelewa kwa nini mbwa hulala mlangoni pa mgonjwa, au humnusa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

JE, ANASOMA MOYO?

Wengi wetu tumesikia maneno haya: "Mbwa wangu alimkataa mtu yule siku ya kwanza, na kweli baadaye ikaonekana ni mwizi." Je, mbwa anaujua moyo wa mtu?

Hajui moyo. Anajua mwili. Mtu mwenye nia mbaya mara nyingi ana hofu. Anatembea kwa kusitasita, anageuka nyuma, anavuta pumzi harakaharaka. Jasho la hofu si sawa na jasho la kazi. Mwaka 2022 watafiti wa Belfast, huko Ireland ya Kaskazini, walichukua jasho na pumzi za watu 36 kabla na baada ya kuwapa hesabu ngumu za haraka. Hesabu hizo ziliwatia watu hao wasiwasi. (Kama umewahi kusimama mbele ya ubao darasani, unaujua wasiwasi huo.) Kisha mbwa 4 walipewa harufu hizo. Katika kila mara 100, walichagua harufu ya mtu mwenye wasiwasi zaidi ya mara 93.

Lakini fikiri vizuri. Mgeni mwema anayeogopa mbwa naye anatoa jasho la hofu. Mlevi asiye na hatia naye anayumba. Mbwa atawabwekea wote wawili. Usimhukumu mtu kwa sababu mbwa wako amembwekea. Mbwa anakwambia, "Huyu ana wasiwasi." Sababu ya wasiwasi hawezi kukwambia.

Hata lugha anaitofautisha. Huko Budapest, nchini Hungaria, mbwa 18 walifundishwa kulala kimya ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo. Wakasomewa kitabu kwa lugha ya nyumbani kwao, kisha kwa lugha ngeni. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2022: ubongo wao ulionyesha tofauti. Basi mbwa aliyekulia Nshamba akisikia Kihaya mchana kutwa, usidhani hajui kwamba mgeni aliyefika leo anasema lugha nyingine.

Sasa tuseme jambo linalowapotosha watu wengi. Umeweka dagaa juani. Umerudi, umekuta mkeka umetawanyika. Unamwita mbwa. Anainamisha kichwa, anaficha mkia, anakwepa macho yako. Unasema, "Anajua kosa lake!" Unachukua fimbo.

Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa New York, Alexandra Horowitz, alilichunguza jambo hili kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kitu fulani, kisha akatoka. Mara nyingine mbwa alikula. Mara nyingine hakula, lakini mwenyewe alidanganywa kwamba amekula, akamgombeza. Ikaonekana kwamba mbwa aliyegombezwa bure alionyesha uso wa "kosa" sawa na mwenzake, na hata zaidi. Kumbe ule uso si wa kukiri kosa. Ni uso wa kuogopa sauti yako na mkono wako. Mbwa anayepigwa saa nzima baada ya kula dagaa hajui anapigiwa nini. Anajifunza jambo moja tu: kwamba wewe ukirudi nyumbani kuna hatari. Nimewaona mbwa wa namna hiyo. Bwana wao akirudi, hawaji kumpokea njiani.

SIKU YA TETEMEKO

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Kitovu kilikuwa karibu na Nsunga, wilaya ya Missenyi. Bukoba mjini nyumba nyingi zilibomoka. Watu zaidi ya 15 walikufa, na mamia waliumia. Shule zilipasuka kuta. Wengi walilala nje kwa siku nyingi wakiogopa kurudi ndani.

Baada ya siku ile watu wengi walisema kwamba wanyama walijua mapema. Maneno hayo husemwa duniani kote baada ya tetemeko. Je, inawezekana?

Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili ndani ya ardhi. Ya kwanza yanakwenda haraka, lakini ni hafifu. Mtu aliyeketi anaongea mara nyingi hayatambui. Ya pili yanakwenda polepole zaidi, nayo ndiyo yenye nguvu ya kubomoa. Mbwa aliyelala chini ameweka tumbo lake juu ya ardhi, na masikio yake ni makali. Anaweza kuyatambua mawimbi ya kwanza, akashtuka na kubweka kabla ya yale makubwa kufika. Nafasi hiyo ni ya sekunde chache tu. Ukiwa mbali sana na kitovu inakuwa ndefu zaidi kidogo.

Kwamba mbwa anajua siku moja au mbili kabla, hilo halijathibitishwa. Shida iko kwenye kumbukumbu zetu. Mbwa hubweka ovyo siku nyingi, nasi tunasahau. Akibweka siku ya tetemeko, hatusahau kamwe. Kwa hiyo usimngoje mbwa. Ukihisi ardhi inatikisika na mlango uko karibu, toka uende mahali pa wazi, mbali na kuta na miti mikubwa.

MBWA ALIYENGOJA, NA MBWA ALIYEBEBA MTOTO

Huko Japani aliishi mbwa aliyeitwa Hachiko. Bwana wake, Ueno Hidesaburo, alikuwa mwalimu wa mambo ya kilimo katika chuo kikuu cha Tokyo. Mbwa alizoea kwenda stesheni ya treni ya Shibuya kumpokea bwana wake jioni. Tarehe 21 Mei 1925 mwalimu huyo alikufa ghafla akiwa kazini. Jioni ile hakushuka kwenye treni. Hachiko aliendelea kwenda stesheni kumngoja. Alingoja karibu miaka 10, mpaka alipokufa yeye mwenyewe tarehe 8 Machi 1935. Watu wa mji walikuwa wamekwisha kumjengea sanamu mwaka 1934, naye alikuwa bado hai.

Wale ndugu zetu wanaosema mbwa ni tumbo tu watauliza: je, hakupewa chakula pale stesheni? Alipewa. Alipojulikana, watu walimletea nyama. Lakini kabla ya kujulikana alifukuzwa na kupigwa, na bado alirudi.

Mwaka 2015 watafiti wa Japani waligundua jambo la maana kuhusu upendo huu. Katika mwili wa mama anayenyonyesha kuna homoni inayoongezeka anapomtazama mtoto wake, na ya mtoto huongezeka pia. Homoni hiyo hufunga moyo wa mama na wa mtoto. Watafiti waliona kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni kwa muda, homoni hiyo hiyo huongezeka kwa mtu na kwa mbwa. Walijaribu kwa mbwa-mwitu waliolelewa na watu tangu utotoni. Kwao haikutokea. Ni mbwa tu, ambaye ameishi na binadamu kwa miaka isiyopungua 15,000, aliyejifunza kuingia kwenye njia ile ya mama na mtoto.

Na sasa habari ya hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwezi Mei 2005, jijini Nairobi, mtoto mchanga wa kike alitupwa karibu na msitu wa Ngong, amefungwa katika mfuko. Mbwa jike asiye na jina alimkuta. Aliubeba ule mfuko kwa meno, akavuka barabara yenye magari, akapita kwenye ua wa waya, akamlaza mtoto pamoja na kijibwa chake. Watoto wa jirani wakasikia kilio. Wakaita watu wazima. Mtoto akapelekwa hospitali ya Kenyatta, akapona, na wauguzi wakampa jina la Angel. Mbwa naye akapewa jina: Mkombozi.

Kwa nini alifanya vile? Hatuwezi kumwuliza. Lakini tunajua kwamba alikuwa ananyonyesha. Mbwa anayenyonyesha akisikia sauti nyembamba ya kilio, mwili wake wote humwambia: beba, peleka kwenye joto. Ndivyo anavyofanya kwa watoto wake mwenyewe, akiwashika ngozi ya shingo. Watoto wa mbwa huzaliwa baada ya mimba ya siku 63 hivi, hawaoni, na macho yao hufunguka baada ya kama wiki 2. Bila mama hawaishi. Basi labda Mkombozi hakujua kwamba yule ni mtoto wa binadamu aliyetupwa na binadamu. Labda alijua tu kwamba ni mtoto. Naona ilitosha.

Ukitaka mbwa wako akuzoee hivyo, wakati wa kuanza ni mapema. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 12, kijibwa hujifunza nani ni wa kwao. Acha watoto wamshike kwa upole. Mwite kwa jina moja, siyo leo Simba kesho Popi. Asikie sauti za kuku, mbuzi na watu. Hakuna haja ya kumwingiza ndani. Wengi wetu hatumwingizi, na Waislamu wana sharti lao la usafi kuhusu mate yake. Mbwa wa uani, mwenye kibanda kisichovuja na maji safi, anapenda sawasawa na mbwa wa sebuleni. Kijibwa aliyefungwa peke yake nyuma ya zizi tangu utoto hatakuwa mlinzi bora, kama wengi wanavyodhani. Atakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watoto.

MBWA ULIYEMZOEA AKIBADILIKA

Hapa, ndugu msomaji, naomba usome polepole.

Mbwa anakujua wewe. Na wewe unamjua yeye. Kumjua huko kunaweza kuokoa maisha ya mtoto wako. Kwa maana uko ugonjwa unaomgeuza mbwa, nao ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu unaletwa na virusi. Virusi hukaa katika mate. Mbwa mgonjwa akimuuma mtu, au akimlamba penye jeraha, virusi huingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda polepole mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3. Yaweza kuwa wiki moja tu, na yaweza kufika mwaka. Muda wote huo mtu anajisikia mzima. Virusi vikifika kwenye ubongo, mgonjwa anaogopa maji, anashtuka kwa upepo, anachanganyikiwa. Akifika hapo hakuna dawa. Karibu wote hufa.

Unamtambuaje mbwa mgonjwa? Dalili ya kwanza ni ile unayoweza kuiona wewe kuliko bwana mifugo: amebadilika. Mbwa mpole anajificha gizani, akiitwa anauma. Mbwa mkali anakuwa mpole ghafla na kukulamba. Baadaye anauma vijiti, mawe na hewa. Sauti yake ya kubweka inakuwa nzito. Mate yanamtoka, taya linaning'inia, miguu ya nyuma inalegea. Watu wengi hudhani amekwamwa na mfupa, wakatia mkono kinywani kuutoa. Usitie mkono. Na jua kwamba mate yake huweza kuwa na virusi siku chache kabla ya dalili zozote.

Mtoto anampenda mbwa wao. Siku moja mbwa anamuuma kidogo mguuni, mkwaruzo tu. Mtoto anajua kwamba akisema, baba atamuua mbwa, au yeye mwenyewe atachapwa kwa kumchokoza. Basi anafuta damu kwa jani la mgomba na kunyamaza. Anamlinda rafiki yake. Miezi 2 baadaye anakataa kunywa maji.

Kwa hiyo zungumza na watoto wako leo jioni. Waambie kwamba atakayeumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, aseme mara moja, na hatapigwa. Kisha utimize ahadi hiyo.

Mtu akiumwa, kabla ya kitu kingine chochote osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Osha kwa dakika 15. Muda huo ni mrefu kuliko unavyofikiri. Weka saa mbele yako. Sabuni huua virusi vingi. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulize sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Zahanati ndogo huenda hazina. Watakuelekeza pa kwenda. Sindano ni zaidi ya moja, na kila moja ina tarehe yake. Usiache katikati kwa sababu jeraha limepona. Kama mbwa yupo, afungwe atazamwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi katika mate siku alipouma. Lakini usingoje siku 10 ndipo uende hospitali.

Sindano za mtu ni ghali, na safari ni ghali. Kutoka visiwani Bumbire au Goziba mpaka hospitali ni safari ya mtumbwi na nauli juu yake. Sindano ya mbwa ni rahisi zaidi. Na siku za kampeni za chanjo mara nyingi hutolewa bure.

Kuwaua mbwa wote wa kijiji si dawa. Wakiuawa, wengine wasiojulikana huja kuchukua nafasi yao, nao hawajachanjwa. Dawa ni kuchanja. Wataalamu wanasema kwamba kati ya mbwa 10, wakichanjwa 7, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Ndugu zetu wa Pemba wamelithibitisha hilo. Walianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka 2010, na baada ya miaka michache ugonjwa ukatoweka kisiwani. Chanjo ikalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi. Wakachanja tena kwa bidii, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ukawa umetoweka tena.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingi huchanja karibu na siku hiyo. Tarehe hiyo inakumbuka kifo cha Louis Pasteur, Mfaransa ambaye mwaka 1885 alimpa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, chanjo ya kwanza. Mtoto huyo alikuwa ameumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Hakuugua. Lakini usingoje Septemba peke yake. Muulize bwana mifugo au bibi mifugo wa kata.

Siku ya chanjo, mbwa apelekwe na mtu ambaye mbwa mwenyewe anamwamini. Asipelekwe na mtoto mdogo, kwa sababu pale kuna mbwa wengi na wanaweza kupigana. Mfunge kamba nene shingoni, isiwe ya kukaba. Vijibwa wadogo wabebwe katika kikapu au boksi, nao wachanjwe. Simama upande wa kichwa, mshike, zungumza naye kwa sauti ile anayoijua. Atatetemeka. Atakutazama wewe, siyo sindano.

Utapewa cheti kidogo cha karatasi. Kisome hapo hapo kabla ya kuondoka. Tazama kama jina lako na la mbwa yameandikwa sawasawa. Tazama tarehe ya leo, na tarehe ya chanjo ijayo, ambayo kwa kawaida ni baada ya mwaka 1. Kiweke nyumbani pamoja na kadi za kliniki za watoto.